Neno Lililoachwa kwa Fundi Viatu

Kwa Fundi Maneno huchukui kiatu chako kwa namba wala kwa jina. Unachukua kwa neno la Kiingereza ambalo hata Mwingereza mwenyewe ukimtajia atakuomba urudie. Mimi ni dobi. Meza yangu ya pasi na benchi lake vimetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, na kwa miaka kumi na tisa nimesikia watu wazima, na ndevu zao na suti zao, wakisimama kwenye dirisha lake, wakikohoa kwanza, kisha wakisema, "Fundi, mimi ni borborygmus." Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Karibu, borborygmus. Soli tayari, kisigino bado kinakauka."

Jamani, nimecheka mpaka nimeunguza shati la watu.

Msidhani jina la Maneno amepewa kwa sababu ya umbea. Huyu bwana unaweza kushinda naye asubuhi nzima asikwambie lolote ila "niazime mkasi." Lakini mguse kwenye neno, loo, hapo umefungua bomba na mpini umebaki mkononi.

Zamani alitumia namba kama watu wenye akili zao. Alikata kipande cha ngozi cha mviringo, akaandika namba, akakining'iniza kwenye kiatu. Sasa kitu cha mviringo hakina juu wala chini. Siku moja 89 ikageuka ikawa 68, na karani wa mahakama akafungiwa kwenye gazeti buti za mpaka rangi, zimeganda chokaa mpaka kwenye kamba. Alizifungua asubuhi ile ambayo hakimu mpya alikuwa anaripoti. Mpaka rangi naye akapewa viatu vya kung'aa vyenye ncha, akashindwa hata kukanyaga ngazi. Walikutana hapo dirishani saa nane mchana, na waliyomwambia fundi siku hiyo hayamo kwenye kitabu chochote.

Nikamshauri, "Piga mstari chini ya namba. Mimi napiga mstari, na sijawahi kumpa mtu suruali ya mwenzake."

"Nitafikiria," akasema. Fundi akikwambia atafikiria, ujue ameshakataa.

Wiki hiyohiyo mwalimu mmoja mstaafu akaleta kitabu kishonwe mgongo. Watu huleta vitabu kwake, maana uzi wake wa nta haukatiki. Kilikuwa kitabu kinene cha asili ya maneno ya Kiingereza, kurasa zimeanza kung'oka. Fundi alikishona kwa siku mbili. Mwalimu aliporudi alikishika, akakisogeza puani, akakipeleka mbali, kisha akakirudisha kwenye benchi. "Macho yameisha, fundi. Kaa nacho. Nikipita utanisomea neno moja." Akawa anapita kila Jumatano, na ndivyo balaa letu lilivyoanza.

Fundi aliishia kidato cha pili. Kiingereza alichotoka nacho shuleni kilimtosha kuomba ruhusa ya kwenda chooni, basi. Lakini kitabu kile alikisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na asipoelewa anamsubiri mwalimu wa Jumatano. Mwaka haujaisha, vipande vya ngozi vikawa na maneno badala ya namba. Kipande kimoja anakikata nusu mbili, neno analiandika kwenye zote: nusu inafungwa kwenye kiatu, nusu unaondoka nayo. Ukiipoteza, basi utaje neno kwa mdomo. Ukikosa yote mawili, hupati kitu. Jina haandiki, namba ya simu haandiki. "Jina la mtu ni la nyumbani kwake," anasema. "Hapa pana viatu na neno."

Nilimwambia itamtokea puani. Sikio la kufa!

Tena neno lenyewe hakupi ovyo. Anakutazama kwanza, anasikiliza unavyoongea pale dirishani, ndipo anachagua. Mwalimu wa hesabu aliyerusha simu ya mwanafunzi kutoka ghorofani alipewa DEFENESTRATION, yaani kumtupa mtu au kitu nje kupitia dirishani, kwa kuwa kwa Kilatini dirisha ni fenestra. Bwana wa ng'ambo ya barabara anayeuza vifuniko vya simu, ambaye anajua dawa ya kila ugonjwa na chanzo cha kila vita, alipewa ULTRACREPIDARIAN. Hilo fundi alilieleza kwa uchungu. Inasimuliwa kwamba fundi viatu mmoja wa kale aliiona picha, akamwambia mchoraji kwamba makubazi yamekosewa. Mchoraji akayarekebisha. Kesho yake fundi akaanza kukosoa na mguu, mchoraji akamkata: wewe ishia kwenye kubazi. Kutokana na kisa hicho likaja neno la kumwita mtu anayesemea asiyoyajua.

"Miaka elfu mbili tunasemwa," fundi alisema akigonga msumari, "na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ule mguu ulikuwa umechorwa sawa."

Mimi je? Nilipeleka viatu vyangu vya kutokea nikapewa MUSCLE. Nikauliza, msuli? Ndiyo, ila kwa Kilatini maana yake ya asili ni panya mdogo.

"Ebo! Mimi ni panya?"

"Mama Pasi, hebu nyanyua pasi yako." Nikanyanyua. "Tazama mkono."

Kweli, kitu kilikimbia chini ya ngozi kama panya chini ya mkeka. Nilinuna nusu siku nzima, lakini jioni nilimwonyesha mume wangu panya wangu, na mpaka leo akitaka amani ndani ya nyumba ananiuliza hali ya panya. Hiyo pia ni kanuni ya fundi. Ukishapewa neno anakuagiza, "Kamweleze mtu wa nyumbani kwako. Neno likikaa kwa mtu mmoja linaoza."

Jambo moja namsifia, nalo ndilo lililotutesa baadaye: juu ya neno hasemi uongo. Kitabu kikisema asili haijulikani, naye anasema haijulikani. Watu walimbembeleza akubali kwamba "sabotage," yaani hujuma, ilitokana na wafanyakazi waliotupia viatu vya mbao ndani ya mashine. Hadithi tamu, tena ya viatu! Akasema kiatu cha mbao kimo kweli ndani ya neno hilo, ila habari ya mashine hakuna aliyeithibitisha. Akawanyima utamu wao, akaendelea kupaka gundi.

Sasa, Alhamisi moja ya jua kali, mama mmoja akasimama dirishani kwake. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, kitambaa kichwani, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Karibu mama," fundi akasema. "Neno?"

"Sina neno."

"Nusu yako ya ngozi?"

"Sina, baba. Viatu ni vya mume wangu, alivileta hapa. Amefariki. Huu ni mwezi wa nne."

Nyundo ikanyamaza. Nikaisimamisha pasi, nikazunguka upande wa pili, nikambebea kigoda akakaa. "Pole sana, mwanangu," nikamwambia. Fundi alivua miwani, akasema pole mara mbili, halafu akaona macho ya yule mama yametua kwenye bango lake ukutani: VIATU VISIVYOCHUKULIWA MIEZI MITATU VITAUZWA.

"Hilo la kutishia tu," akasema haraka. "Sijawahi kuuza hata jozi moja. Vyote viko pale juu." Kwenye rafu ya juu zilikuwepo jozi arobaini na moja, zimepangwa, kila moja na nusu yake ya ngozi. "Vya marehemu vikoje?"

"Sijawahi kuviona. Alivinunua mitumbani akavileta hapa moja kwa moja vibadilishwe soli. Aliniambia ni vyeusi. Mguu wake ni namba arobaini na tatu. Hiyo nusu ya ngozi nimeitafuta mifukoni, kwenye kabati, chini ya godoro, hakuna." Akapumua. "Lakini nisikufiche, baba. Viatu nitampa shemeji yangu. Mimi nimekuja kutafuta neno."

Akatueleza. Siku aliyoleta viatu, mumewe alichelewa kurudi. Chakula kimepoa, watoto wamelala na njaa wakimsubiri, yeye amekasirika. Mume akaingia anacheka. Akasema, "Bibie, leo nimepewa neno la Kiingereza, na neno lenyewe ni wewe."

"Nikamwambia peleka Kiingereza chako huko huko kilikokuchelewesha. Akasema basi, nitakueleza kesho ukipoa. Kesho yake akaenda kazini, na moyo wake ukasimama hukohuko." Aliyasema yote kwa sauti moja, kama mtu aliyeyarudia peke yake mara nyingi. "Nilikuwa na mdomo mchafu usiku ule. Sijui aliniita nini. Nataka kujua tu aliniita nini."

Yalinichoma. Na mimi nikichomwa, hasira yangu humtafuta mtu. "Unaona sasa?" nikamgeukia fundi. "Unaona? Jina tu! Ungeandika jina tu la mtu, kalamu ingekatika?"

"Nimekosa, Mama Pasi," akasema. Miaka kumi na tisa, ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia hilo, na halikunipa raha yoyote.

Alipanda juu ya kigoda chake cha kazi, akaanza kushusha. Alitenga vya kike, akatenga vya kahawia, akageuza soli kusoma namba. Zikabaki jozi tano, nyeusi, arobaini na tatu, zote zimebadilishwa soli. Akazipanga kwenye benchi, kila ngozi imelala kifudifudi.

"Sura yake siikumbuki, mama. Wanaopita hapa ni wengi," akasema. "Lakini neno huwa nalichagua kwa mtu. Niambie alikuwa mtu wa namna gani."

"Alikuwa mpole," akasema mama. "Mkarimu. Mwenye huruma. Hakuwahi kugombana na jirani. Aliwapenda wanawe."

Fundi akatikisa kichwa taratibu, akageuza ngozi ya kwanza. PANDICULATION. "Ni kule kujinyoosha mtu akiamka, na miayo yake. Kilatini, kujitandaza."

Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hiyo ni yeye kila asubuhi. Aliugonga ukuta kwa ngumi mpaka watoto wanaamka. Lakini alisema neno ni mimi. Mimi naamka hata jogoo hajajua kama kumekucha."

Ya pili, CRAPULENCE. Maumivu na kichefuchefu cha mtu aliyelala amelewa, kutoka Kilatini, nacho kilichukua kwa Wayunani. "Hakunywa hata tone," mama akasema, "na mimi ndiyo kabisa." Ikawekwa pembeni. Mwenye jozi ile namjua, anaishi nyuma ya kinyozi, na siku akikumbuka alikoviacha atakuja.

Ya tatu ilikuwa borborygmus mwingine, maana fundi analipenda neno hilo na hulirudia kwa wateja wanaokuja kabla ya kula. Mngurumo wa tumbo. Wayunani waliiga sauti yenyewe. Mama akacheka mpaka akashika mkoba usianguke. "Tumbo langu, baba, halijawahi kuniaibisha."

Fundi akaichukua ya nne. Akaisoma. Nami nilikuwa nimesimama kando ya bega lake, nikaona uso wake unabadilika na ngozi ile inateremka polepole kuelekea mfuko wa aproni.

"Hii sidhani," akasema.

"Umeficha nini, baba?"

"Si kitu."

"Viatu ni vyeusi, ni namba yake, na ngozi umeificha." Kicheko kilikuwa kimekatika. "Nisomee."

Nilimkanyaga fundi mguu. Nilimkanyaga kwa nguvu zangu zote, na ndala zangu ni za mbao. Mtu mwingine yeyote angesema hilo ni neno la Kiingereza la asali. Lakini huyu! Aliitoa ngozi, akaiweka chini ya mwanga. TERMAGANT.

"Zamani huko Ulaya," akaanza, na sauti haina nguvu, "kwenye michezo ya kuigiza kulikuwa na mungu wa kubuni, kazi yake kufoka na kutisha watu jukwaani. Halafu jina lake likawa linatumika kwa..." Akaniangalia. Nikatazama dari. "Kwa mwanamke mgomvi. Mwenye makelele."

Nje kuna mtu alikuwa anapiga honi ya baiskeli, nami nikatamani kumtoa hiyo honi na mkono wake.

"Na nakumbuka," fundi akaongeza, kana kwamba mtu amemlipa atumalize, "alikuwa mwanamume anayeongea na mkewe kwenye simu. Sauti ya mke ilikuwa inasikika mpaka hapa nilipo."

"Basi ndilo hilo," mama akasema. Akasimama, akapangusa sketi yake. "Ndilo. Nilikuwa naye kwenye simu siku hiyo. Na sauti yangu ndiyo hiyo, baba. Asante. Nimelijua."

Alinyoosha mkono kuchukua viatu. Nilijisikia vibaya, nikajisikia vibaya tena kwa kuwa nilikuwa nimeanza kumpenda yule mama, na kitu fulani kichwani mwangu kilikuwa kinanikwaruza. Nikaushika mkono wake.

"Kaa chini."

"Mama, niache niende."

"Kaa chini, nimesema! Mwanangu, wewe tangu ufike hapa unamsifia marehemu. Mpole, mkarimu, mwenye huruma. Hayo tunayasema kwa kila anayekufa, hata aliyetuibia kuku. Fundi hampi mtu neno kwa sifa zake, mimi kanipa panya. Tuambie ubovu wake."

"Ubovu?"

"Kilichokuwa kinakutoa roho. Kwa nini alichelewa siku hiyo?"

Alinitazama kama nimemtukana. Halafu midomo ikaanza kumcheza, na sikujua kama ni kulia au nini.

"Alipotea," akasema.

"Alipotea vipi?"

"Alipotea njia! Jamani, yule mwanamume alikuwa anapotea! Kazaliwa mji huuhuu, kakulia humuhumu, na kazi yake ni kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na anapotea! Kila Jumapili nilikuwa namchorea ramani za wiki nzima kwenye daftari la watoto. Na bado kutwa ananipigia. 'Bibie, nimefika kwenye duka la dawa, nipinde wapi? Bibie, hapa pana nyumba ya bluu, nimepita au bado?' Naosha vyombo, simu iko begani. Niko msalani, simu iko mlangoni inalia. Hata asubuhi ile ya mwisho alipiga, yuko njia panda. Kulia au kushoto? Bado nilikuwa nimenuna. Nikamwambia 'kushoto,' nikakata. Sikumwambia hata kazi njema."

"Sasa ngoja," nikasema, maana kile kilichokuwa kinanikwaruza kichwani kilikuwa kimetoka hadharani na viatu vyake. "Ngoja, ngoja, ngoja. Mrefu? Begi la bluu, na kalamu sikioni?"

"Ndiyo."

"Alikuja kwangu! Fundi, alikuja dirishani kwangu kwanza! Simu iko sikioni, ananitazama usoni, anaiambia simu, 'Nimefika, ila namwona mama anapiga pasi.' Na simu ikamjibu, 'Huyo ni dobi. Sogea kulia kwako, dirisha la pili.' Hatua mbili! Nikamwambia, baba, hata kuvuka ukuta unahitaji dereva? Akacheka. Akaniambia, 'Ninaye, mama, wa kudumu.'"

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Fundi naye alikuwa amesimama, miwani imeteremka puani.

"Huyo!" akasema. "Huyo wa kulia na kushoto! Nilimpa ngozi yake akaondoka kuelekea kwenye ukuta wa mwisho, hakuna njia kule, nikatoka na aproni yangu kumrudisha. Mama, huyo si TERMAGANT. TERMAGANT nilimpa mwingine, mfupi, aliyemteta mkewe nusu saa nzima mbele yangu na simu haijakatwa. Ni simu iliyonichanganya. Huyo wako nilimpa neno baada ya kumsikia anaelekezwa. Namkumbuka sasa mpaka alivyocheka."

Akaigeuza ngozi ya tano. CLEW.

Hakuieleza palepale. Alitazama huku na huku kwenye benchi, akachukua donge lake la uzi wa nta, akamwekea mama kwenye kiganja.

"Ndilo hilo. Kiingereza cha zamani, clew ni donge la uzi. Wayunani walikuwa na hadithi ya jengo lenye njia nyingi zinazozungukana, kila aliyeingia hakutoka, na ndani mna dubwana. Kijana mmoja akaamua kuingia. Msichana aliyempenda akampa donge la uzi. Akafunga ncha mlangoni, akawa anaachia uzi kadiri anavyokwenda, na alipomaliza kazi yake akaufuata uzi mpaka nje. Siku hizi wanaliandika clue, wanamaanisha kitu chochote kinachokuonyesha njia ya kulifumbua jambo. Lakini lilianzia kwenye donge. Nilipomweleza akaniambia, 'Fundi, huyu ni mke wangu mzima mzima.' Akaniomba nimwandikie kwa herufi kubwa asije akalipoteza na lenyewe."

Mama alikuwa anatazama donge lile mkononi, anaubonyeza uzi kwa kidole gumba. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele yoyote. Mimi pia nililia, sioni aibu, na fundi akajifanya anatafuta kitu chini ya benchi, akakitafuta muda mrefu.

"Ile asubuhi," nikamuuliza, "ulivyomwambia kushoto. Alifika?"

"Alifika. Waliniambia alikuwa ameshasoma mita ya nyumba ya kwanza, ameiandika vizuri."

"Basi. Umenuna, umekata simu, na mtu wako alifika. Hukuuachia uzi, mwanangu. Kwa hasira unaweza kujilaumu, hiyo tunayo sote. Lakini uzi hukuuachia."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Baadaye akajipangusa kwa ncha ya kitambaa, akawa anacheka kidogo na kupenga kamasi kwa wakati mmoja. Fundi alivipiga viatu brashi mara ya mwisho, ingawa vilikuwa vinang'aa, akavifunga kwenye gazeti. Ile ngozi ya CLEW aliifungua akampa mkononi. Mama akarudisha donge la uzi kwenye benchi. Fundi akalisogeza tena kwake, akaliingiza kwenye mkoba wake bila kuomba ruhusa.

Tangu siku ile fundi anaandika jina. Kwa herufi ndogo, upande wa nyuma wa ngozi, kama mtu anayefanya jambo la aibu, lakini anaandika. Na neno CLEW hajampa mtu mwingine. Juzi alikuja dereva wa lori aliyekuwa amepotea siku mbili, nikamwambia fundi huyu anafaa, akasema atafikiria.

Yule mama siku ile nilimsindikiza mpaka mwisho wa baraza letu. Alisimama pale ambapo barabara inagawanyika, viatu vya mumewe viko kwapani, akatazama upande huu akatazama upande ule. Mtu ambaye kwa simu tu, anaosha vyombo, alijua kila duka la dawa na kila nyumba ya bluu ya mji huu.

"Mama," akaniuliza, "kituo cha basi ni kulia au kushoto?"

Nikamshangaa. "Kulia, mwanangu. Ukipita kinyozi, kiko mbele yako. Lakini si unapajua?"

"Napajua," akasema. "Nilitaka tu kuambiwa."

Akaenda kulia.